Harry Ferguson: mtoto wa mkulima aliyelifanya trekta na plau kuwa kitu kimoja

Theluji inapoanguka usiku kucha kaskazini mwa Marekani na nchini Kanada, asubuhi yake bado kuna watu wanaowasha matrekta madogo yaliyoundwa kabla baba zao hawajazaliwa. Mbele au nyuma ya trekta hufungwa bapa pana la chuma, na haupiti muda mrefu kabla njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani haijafunguka. Matrekta hayo hayakuundwa kwa ajili ya theluji. Yaliundwa kwa ajili ya kulima, yana uzito wa tani moja na ushei, na injini zake hazifikii nguvu za farasi 30.

Kwamba trekta dogo na jepesi kiasi hicho linaweza kubeba chombo kizito, kukiinua na kukishusha kwa kugusa wenzo mmoja, bila dereva kuteremka kitini, ni kazi ya mtu mmoja wa kaskazini mwa Ireland, Harry Ferguson. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jina lake hata kama hawaujui uso wake, kwa kuwa ndilo nusu ya pili ya jina la Massey Ferguson lililoandikwa kwenye matrekta mekundu ya mashambani kwao.

Henry George Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 katika kitongoji cha Growell, kaunti ya Down, wakati kisiwa chote cha Ireland kikiwa chini ya utawala wa Uingereza. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto 11. Baba yake, James, alimiliki shamba la ekari zipatazo 100, na kwa eneo lile huyo alihesabiwa kuwa mtu mwenye nafasi. Alikuwa pia mfuasi wa kundi la Kikristo la Plymouth Brethren, na nyumba yake iliendeshwa kwa nidhamu isiyokuwa na mzaha.

Harry hakurithi imani ya baba yake, wala hakuipenda kazi ya shamba. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na kuanza kutembea nyuma ya farasi na plau, kazi iliyouchosha mwili wake mwembamba na kumkasirisha kwa jinsi ilivyopoteza nguvu na wakati. Mwaka 1902 aliondoka na kumfuata kaka yake Joe mjini Belfast, aliyekuwa amefungua karakana ya kutengeneza baiskeli na magari. Huko kijana aliyekuwa mvivu wa kulima aligeuka kuwa fundi asiyelala. Injini iliyomshinda mwingine ilipelekwa kwake, na mbio za pikipiki zikampa jina mjini.

Habari za ndege zilipoanza kuenea Ulaya, Harry aliunda ya kwake. Tarehe 31 Desemba 1909, katika upepo mkali huko Hillsborough, ndege hiyo ilinyanyuka na kwenda masafa ya mita zipatazo 120 kabla ya kugusa ardhi tena. Alikuwa mtu wa kwanza kuruka na ndege nchini Ireland. Mwaka uliofuata aliruka karibu maili tatu kando ya ufuo wa Newcastle na kujinyakulia zawadi ya pauni 100. Kaka yake hakufurahishwa na biashara ya kuanguka kutoka angani, na mwaka 1911 ndugu hao wawili walitengana. Harry akafungua duka lake la magari mtaa wa May, Belfast. Mwaka 1913 alimwoa Maureen Watson, naye aliyetoka katika familia ya Brethren, ndoa ambayo wazazi hawakuifurahia. Mwaka 1914, kama wengi wa upande wake katika mgogoro wa utawala wa ndani wa Ireland, alihusika katika uingizaji wa siri wa bunduki kwa ajili ya wale waliotaka kubaki na Uingereza. Historia ya siasa haikumhesabu sana. Historia ya kilimo ilikuwa inamsubiri.

Matrekta yaliyoua madereva

Vita vya Kwanza vya Dunia viliiweka Uingereza katika hofu ya njaa. Meli za chakula zilizamishwa baharini, farasi walipelekwa vitani, na serikali ikaagiza matrekta kutoka Marekani. Ferguson alikuwa tayari akiyauza. Mwaka 1917 Bodi ya Kilimo ya Ireland ilimwomba azunguke nchi nzima kuwafundisha wakulima namna ya kuyatumia vizuri. Alikwenda na fundi wake, Willie Sands, mtu mkimya ambaye mchango wake katika kazi zote zilizofuata ulikuwa mkubwa kuliko sifa alizopata.

Alichokiona katika safari ile kilimkera. Trekta la wakati huo lilikuwa farasi wa chuma tu. Lilifungwa plau kwa mnyororo au chuma cha kukokota, kama vile farasi alivyofungwa, na plau yenyewe ilikuwa na magurudumu yake, wenzo zake na uzito wake. Ili kuivuta, trekta lilihitaji kuwa zito. Likiwa zito liliukandamiza udongo na kula mafuta. Uzito ulizaa uzito.

Hilo lilikuwa hasara ya fedha. Lililokuwa baya zaidi lilikuwa hasara ya watu. Plau inayokokotwa ilipogonga jiwe au kisiki kilichofichika ardhini, magurudumu ya nyuma yalikwama ghafla huku injini ikiendelea kusukuma. Kwa kuwa magurudumu hayakuweza kuzunguka, trekta lenyewe ndilo lililozunguka: pua iliinuka juu, mwili wote ukapinduka kinyumenyume, na dereva akabaki chini yake. Yote hayo yalitokea kwa muda mfupi kuliko wa mtu kuikanyaga klachi. Trekta la Fordson, lililotoka katika viwanda vya Henry Ford kuanzia mwaka 1917 na kuuzwa kwa maelfu kwa sababu ya bei yake ndogo, lilijulikana vibaya kwa ajali hizo.

Ferguson na Sands walianza kutafuta plau isiyokokotwa. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, haikuwa na magurudumu, na ilifungwa moja kwa moja kwenye mwili wa trekta. Baadaye ikaja mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwaka 1925 Ferguson aliomba hataza ya mfumo uliotumia nguvu ya haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa na pampu, kurekebisha kina cha plau bila dereva kushika chochote. Mwisho wa safari hiyo ndefu ulikuwa mikono mitatu: miwili ya chini inayovuta, na mmoja wa juu katikati.

Siri ilikuwa katika mkono wa juu. Plau inapokutana na udongo mgumu, sehemu yake ya juu hutaka kulala mbele, na hivyo huusukuma mkono wa juu kuelekea kwenye trekta. Msukumo huo unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza unaizuia pua ya trekta isiinuke. Pili unabonyeza springi inayofungua vali ya haidroliki, na plau inanyanyuliwa kidogo mpaka mzigo upungue. Uzito wa plau na wa udongo unaogeuzwa huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, pale hasa unapohitajika. Plau ikigonga mwamba, magurudumu huteleza mahali pake na trekta husimama. Dereva hashuki akiwa maiti. Anashuka akiwa amekasirika.

Kupeana mikono na Henry Ford

Kuwa na wazo ni jambo moja, kupata wa kulitengeneza ni jambo jingine, na hapo ndipo maisha ya Ferguson yalipojaa ugomvi. Mwaka 1925 aliungana na ndugu wawili wa Marekani, akina Sherman, kutengeneza plau za kufungwa kwenye Fordson. Mwaka 1928 Ford akaacha kuunda Fordson nchini Marekani na biashara hiyo ikabaki bila mguu. Ferguson akaamua kuunda trekta lake. Lilikamilika Belfast mwaka 1933, likapakwa rangi nyeusi, na leo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Sayansi mjini London.

Kuanzia mwaka 1936 kampuni ya David Brown ya Huddersfield ilianza kuliunda trekta hilo, sasa likiwa na rangi ya kijivu. Lilifanya kazi ya ajabu lakini liligharimu pauni 224 kabla ya kununua zana zake, na Fordson lilikuwa rahisi zaidi. Matrekta yapatayo 1,350 tu yaliundwa. Brown alitaka kubadilisha muundo ili liuzike. Ferguson hakukubali kuguswa hata bolti moja. Hii ilikuwa tabia yake ya siku zote. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi, aliyetaka zana zipangwe kwa mstari ulionyooka kabla ya maonyesho, na aliyeamini kwamba mtu anayemkosoa hajamwelewa. Mara nyingi alikuwa sahihi, jambo lililowafanya washirika wake wamchukie zaidi.

Mwezi Oktoba 1938 alilisafirisha trekta moja hadi Dearborn, jimbo la Michigan, na kulionyesha mbele ya Henry Ford mwenyewe katika shamba la tajiri huyo. Ford alikuwa na umri wa miaka 75, mtoto wa mkulima kama mgeni wake, na kwa muda mrefu alikuwa akitamani trekta litakaloufuta mkosi wa Fordson. Baada ya kuangalia trekta dogo likilima kwa urahisi, ilitolewa meza nje wakaketi, na Ferguson akaeleza kanuni yake kwa kutumia kielelezo kidogo kilichoendeshwa kwa springi. Walikubaliana papo hapo. Ford angeunda matrekta, Ferguson angesimamia uhandisi na kuyauza, na kila mmoja angeweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Walipeana mikono. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Trekta la Ford 9N lilizinduliwa mwezi Juni 1939 kwa bei ya dola 585. Kufikia mwaka 1947, pamoja na mfano wa wakati wa vita ulioitwa 2N, zaidi ya matrekta 300,000 yalikuwa yameondoka kiwandani. Mengi ya matrekta ya kale yanayosukuma theluji Amerika Kaskazini ni haya, na ndugu zao waliokuja baadaye.

Plau ya theluji kwenye mikono mitatu

Njia nyepesi ya kulivalisha trekta la namna hii plau ya theluji ni ile ile ya kulivalisha plau ya udongo. Bapa lenye mkingamo hufungwa nyuma, kwenye mikono mitatu, kwa pini tatu. Mtu mmoja anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Bapa hugeuzwa kwa pembe ili theluji imwagikie ubavuni, na minyororo au vyuma vya pembeni hukazwa ili mikono ya chini isiyumbe na kulipeleka bapa kwenye tairi. Chini ya bapa huwekwa viatu vya chuma vinavyoliinua kidogo, la sivyo kokoto zote za njia huhamia kwenye bustani.

Lakini bapa la nyuma lina adha yake. Trekta huikanyaga theluji kabla ya kuiondoa, na dereva hukesha akiwa amegeuza shingo. Wengine huligeuza bapa na kusukuma kinyumenyume, na hapo mikono ya chini, iliyoundwa kwa ajili ya kuvuta, hubeba msukumo ambao haikukusudiwa kuubeba. Ikigonga kitu kigumu hupinda.

Ndiyo maana wengi hutaka bapa mbele, na hapa ndipo trekta la Ferguson linapohitaji kuheshimiwa. Halina fremu kama lori. Injini, giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma ni vipande vya chuma cha kusubu vilivyofungwa kimoja kwa kingine kwa bolti, navyo ndivyo uti wa mgongo wa trekta. Ekseli ya mbele inaning'inia kwenye pini moja ili iweze kuyumba na ardhi. Anayefunga bapa kwenye ekseli hiyo, au kwenye chuma kinachoishikilia, atapasua kitu siku bapa litakapogonga jiwe. Njia salama ni fremu ya ziada inayopita chini ya trekta hadi kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma, ili nguvu ya kusukuma ifike kwenye magurudumu yanayosukuma bila kupitia injini. Bapa lenyewe hushikiliwa na springi kali, liweze kulala mbele likigonga ukingo wa barabara na kurudi mahali pake. Kuliinua, watu hutumia wenzo wa mkono, au hupitisha chuma au kamba ya waya kutoka kwenye mikono ya haidroliki ya nyuma hadi mbele.

Haidroliki hiyo nayo ina tabia zake. Inanyanyua tu, kushuka ni kwa uzito wa bapa lenyewe, kwa hiyo theluji iliyogandamana haiwezi kukandamizwa. Mafuta yake ni yale yale ya giaboksi, katika tangi moja. Maji yakiingia humo, na katika trekta la miaka 80 huingia, hukaa chini, hugeuka barafu, na mikono hugoma kunyanyuka siku ile hasa inayohitajika. Mwenye hekima hubadilisha mafuta kabla ya majira ya baridi. Kisha kuna pampu. Ferguson aliiweka izungushwe na shafti ile ile inayopeleka nguvu kwenye zana za nyuma, na shafti hiyo husimama klachi inapokanyagwa. Kwa mkulima aliye katikati ya mtaro hilo si tatizo. Kwa anayesukuma theluji kwenda mbele na kurudi nyuma, akikanyaga klachi kila baada ya mita chache, maana yake ni kwamba anapotaka kuliinua bapa ndipo pampu imelala.

Uzito mdogo uliokuwa sifa shambani huwa upungufu kwenye barafu. Minyororo hufungwa kwenye matairi ya nyuma, na wengine huyajaza maji yaliyochanganywa na chumvi ya kalsiamu ili yasigande, wakijua kwamba chumvi hiyo italiwa polepole na chuma cha rimu, au tuseme chuma ndicho kitakacholiwa.

Jambo moja ni la uhai na kifo. Mikono mitatu humlinda dereva kwa sababu ipo mitatu. Majira ya theluji hayapiti bila jirani aliyezama mtaroni kuomba avutwe, na kishawishi ni kufunga mnyororo mahali pa juu, pale unaposhikiziwa mkono wa juu. Mnyororo ukivuta kutoka hapo, juu ya ekseli, trekta hurudi kuwa Fordson ya mwaka 1917: pua huinuka na mwili hupinduka. Matrekta haya hayana nguzo za kumkinga dereva. Mnyororo hufungwa chini, kwenye chuma cha kukokotea, chini ya usawa wa ekseli, na si penginepo.

Kesi ya mahakamani na pampu iliyohama

Makubaliano ya mikono yalidumu kadiri mikono hiyo ilivyokuwa na nguvu. Ferguson alitarajia kiwanda cha Ford cha Dagenham, Uingereza, nacho kiunde trekta lake. Wakuu wa kule walikataa na kuendelea na Fordson. Mwaka 1945 mjukuu, Henry Ford wa Pili, alishika usukani wa kampuni na kukuta kwamba matrekta yalikuwa yakiitia hasara huku Ferguson akipata faida kwa kuyauza. Mwishoni mwa mwaka 1946 alimjulisha Ferguson kwamba ushirikiano ungekoma katikati ya mwaka 1947. Henry Ford mzee alifariki mwezi Aprili mwaka huo. Miezi michache baadaye likatoka trekta jipya la Ford, 8N, likiwa na mikono mitatu na haidroliki ile ile, bila ya Ferguson.

Ferguson alifungua kesi mwaka 1948 akidai dola milioni 251, na baadaye akaongeza dai hadi dola milioni 340. Wanasheria walikula miaka minne. Mwezi Aprili 1952 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 9.25, na Ford ikakubali kuacha kutumia baadhi ya sehemu za haidroliki, ikiwemo namna ile ya pampu, kuanzia mwisho wa mwaka huo. Ferguson aliona kwamba ameshinda haki ya mvumbuzi mdogo mbele ya kampuni kubwa. Kwa hesabu ya fedha, alikuwa amepata sehemu ndogo sana ya alichodai.

Kilichofuata kina kichekesho chake. Ikiwa imelazimika kuihamisha pampu, Ford iliifunga kwenye injini yenyewe katika trekta lake jipya la mwaka 1953, lililoitwa NAA. Pampu hiyo haikusimama klachi ilipokanyagwa. Ushindi wa Ferguson mahakamani ulimlazimisha mpinzani wake kuunda trekta lililofaa zaidi kwa kazi ya kwenda na kurudi, na wasukuma theluji wanalitafuta hadi leo kwa sababu hiyo.

Trekta dogo la kijivu

Wakati kesi ikiendelea, Ferguson hakukaa bure. Tangu mwaka 1946 kampuni ya Standard ilikuwa ikimuundia trekta lake la TE20 katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege wakati wa vita. Mwaka 1948 alifungua pia kiwanda chake Detroit, mlangoni pa Ford. Mwaka huo huo aliwaalika wageni kwenye hoteli ya Claridge's mjini London, akaliendesha trekta ndani ya ukumbi wa dansi bila kugusa nguzo, kisha akateremka nalo ngazi za mlango wa mbele hadi barabarani.

Kufikia mwaka 1956 zaidi ya TE20 517,000 ziliundwa. Kila moja ilikuja na spana moja iliyotosha nati nyingi za zana zake, na yenye alama za inchi ili mkulima apimie kina cha mtaro. Ferguson aliamini kwamba chakula kikiwa rahisi kulimwa, bei zitashuka, na umaskini na vita navyo vitapungua. Alilieleza hilo kwa mawaziri na marais bila kuchoka, na wengi wao walichoka kabla yake.

Mwaka 1953 aliunganisha biashara yake na kampuni ya Massey-Harris ya Kanada kwa hisa za thamani ya dola milioni 16. Palipobaki tofauti ya dola milioni moja, alipendekeza warushe sarafu. Walirusha, akashindwa, na sarafu hiyo ikawekwa kwenye kisanduku cha fedha alichozawadiwa. Mwaka uliofuata alikuwa ameshagombana na washirika wapya na kujiuzulu. Jina lake lilibaki, nalo likafupishwa mwaka 1958 kuwa Massey Ferguson.

Mwaka huo huo trekta lake lilifika mahali ambapo hata yeye hakulituma. Edmund Hillary wa New Zealand, mpanda Everest, aliondoka pwani ya Antaktika mwezi Oktoba 1957 akiwa na TE20 tatu zilizovikwa minyororo mipana badala ya matairi wazi, zikiwa na kibanda cha turubai tu cha kuzuia upepo. Gari jingine la theluji lililokuwa msafarani liliharibika na kuachwa njiani. Tarehe 4 Januari 1958, baada ya safari ya kilomita zipatazo 2,000, matrekta yote matatu yalifika Ncha ya Kusini, magari ya kwanza kufika huko kwa kupita ardhini. Yalikuwa matrekta ya shamba, karibu yale yale ambayo mkulima angenunua.

Miaka ya mwisho ya Ferguson ilikuwa mizito. Alisumbuliwa na kukosa usingizi na vipindi virefu vya majonzi, akapumzika, akarudi kazini, akaanguka tena. Tarehe 25 Oktoba 1960 alikutwa amefariki nyumbani kwake Abbotswood, Gloucestershire, siku chache kabla ya kutimiza umri wa miaka 76. Dawa za usingizi zilihusika, na uchunguzi wa kisheria haukuamua kama alikusudia au la. Picha yake na trekta lake zimewekwa kwenye noti ya pauni 20 ya benki moja ya Ireland Kaskazini.

Kazi iliyokuwa mezani kwake alipofariki haikuwa ya trekta. Alikuwa akitafuta gari la kawaida ambalo magurudumu yake yote manne yangesukuma, ili lisiteleze kwenye barabara yenye maji au barafu. Mwaka 1961, kwenye lami iliyolowa ya Oulton Park, Stirling Moss alishinda mbio kwa gari la Ferguson P99, gari pekee la magurudumu manne yanayosukuma lililowahi kushinda mbio za magari ya Formula One. Mwaka 1966 kampuni ya Jensen ilianza kuuza gari la barabarani lenye mfumo huo, likaliongezea breki zisizogandisha magurudumu, na ikayauza magari 320 kabla ya kuacha. Lilikuwa ghali mno.